Sarafu nilizoagiza kwa posta zilivyopigwa mnada kanisani

Wakuu, kwema? Hii nawapa bila kuongeza chumvi. Waliosali kwetu Kanyakine wakati huo ni mashahidi.

Nilikuwa Form Two, na ugonjwa wangu ulikuwa kukusanya sarafu. Nikaona tangazo la muuzaji mmoja wa Nairobi: sarafu za nchi za mbali, unatumiwa kwa posta. Nilichuma kahawa ya watu likizo nzima ndio nikapata ya kutuma money order.

Mama alishangaa. "Mwenda, unanunua pesa na pesa? Hiyo ni akili gani?"

Hatukuwa na box ya posta, nikatumia ya kanisa kama nusu ya kijiji. (Vijana wa simu, hii hamwezi elewa.)

Nikangoja weee, kimya.

Kumbe bahasha ilifika imelowa, jina langu limefutika, namba ya box tu ndiyo inasomeka. Mweka hazina wa kanisa akafungua, akaona pesa za kigeni, akaamua ni sadaka kutoka ng'ambo!

Jumapili akatangaza. Vigelegele! Na kwa sababu benki haingezichukua, zikaingia mnada baada ya ibada, pamoja na kuku na ndizi za waumini. Kwetu ndivyo sadaka ya vitu hugeuzwa pesa.

Maze, niliziona mkononi mwake, hata ile ya India yenye kingo kama kifuniko cha soda. Roho iliniuma! Nikainuka kusema ni zangu, mama akanivuta shati.

"Keti! Utaaibisha mzee wa watu mbele ya kanisa?"

Mwenye bucha akaanza kupandisha bei, eti watoto wake wapate za kuchezea. Mimi ni machozi tu, jitu zima la Form Two.

Mama akanitazama. Alikuwa ametoka kununua jogoo pale pale mnadani, wa kumpikia mjomba. Akasimama naye kwapani.

"Chukueni hii kuku muuze tena. Mimi nipeni hizo sarafu."

Kanisa lilicheka mpaka pasta akakaa chini. Mwenye bucha akapiga makofi, akamwachia.

Mjomba alikula githeri, mahindi na maharagwe tu, na akanuna kweli kweli. Mama wala! Aliketi mlangoni akizigeuza moja moja, akiniuliza kila nchi iko wapi.

Funzo? Ukitumia box ya wengine, mwambie mapema mwenye ufunguo. Na mzazi anaweza asielewe kitu chako hata kidogo, na bado akakilipia jogoo.

Haya, nani mwingine mzigo wake wa posta ulimtoa jasho? Niko hapa Manyatta na chai yangu, nasoma zote.