Pilipili ya Imbwa

Juzi, hapa Butembo, niliona jirani anachanganya pilipili mu bugali ya imbwa yake ndogo, eti ikuwe mukali. Harufu ikanirudisha utoto yangu kule Kalunguta, kwa baba yangu.

Baba naye alifanya vile, na muchana alifungia imbwa yake mu sanduku, isizoee mutu. Machozi ilikuwa inaitoka. Mimi mutoto niliwaza inamulilia baba juu ya mapendo. Sikumaliza masomo ya primaire, lakini leo najua ilikuwa inaungua tu na pilipili.

Siku moja, kisha midi, saa saba hivi ya muchana, mudogo wangu Kavira alifungua sanduku aipatie maji. Ikamupasua shavu.

“Baba batoto, ni wewe ulifundisha imbwa kuuma,” mama alisema.

“Nyamaza. Hii imbwa iko na shetani.”

Akaiua na jembe. Kisha akaleta imbwa ingine, na Kavira, uso ingali imefungwa kitambaa, akaambiwa aichagulie jina.