Maji Yaliyowaka Kijani

Tangu biashara ya dhahabu iruhusiwe, huku Bunda hakuna anayetulia. Juzi nilikuwa kijiji kimoja upande wa Mugeta, ambako wachimbaji huosha mchanga wao jirani na kisima, wakinasa dhahabu kwa zebaki. Binti mmoja, mtaalamu kutoka chuo kikuu, alikuja kutuonyesha hatari yake.

Alituingiza darasani, madirisha yamezibwa kwa magunia. Akamimina maji ya kisima kwenye bilauri, akadondoshea dawa, kisha akayamulika kwa taa ya zambarau. Maji yakawaka kijani.

"Dawa hii ikikutana na zebaki ndiyo inawaka hivyo," alisema. "Ni sumu ya figo, na inadhuru watoto tumboni. Msiyanywe tena."

Mchimbaji mmoja karibu na mlango akamgusa mwenzake begani.

"Zebaki haizamagi peke yake," alimwambia polepole. "Inazamaga na dhahabu."

Wakatoka bila kuaga. Nasikia wataalamu wakilalamika kwamba wananchi ni wazito kuelewa. Hawa walielewa upesi mno. Tulipotoka nje, sururu zilikuwa zimeshaanza kulia pembeni mwa kisima. Binti alisimama juani, taa bado inawaka mkononi, wala mwanga wake hauonekani. Mama mmoja mwenye ndoo tupu akamsogelea.

"Mwanangu, hiyo taa yako inaonyeshaga na maji ya kunywa yako wapi?"