Njia ya Kutoka Mlangoni kwa Mama

Parsele yetu, yaani kiwanja chetu hapa Goma, iko juu ya mawe. Volkano ilipopita mtaani kwetu ilifunika uwanja pamoja na nyumba ya kwanza, na lava ilipopoa baba akajenga upya palepale, juu ya paa la zamani. Hakuwa na haraka ya kusawazisha uwanja. Alisema tutausawazisha polepole, kisha akafariki na hiyo polepole yake, akatuachia hatua thelathini za mawe meusi yenye meno kati ya mlango wa nyumba na lango la barabarani. Katikati yake palikuwa na ufa ambao hakuna aliyejua unaishia wapi.

Jumapili moja fimbo ya mama yangu ilizama ndani ya ufa huo, naye akaanguka akavunjika mkono. Mkono ulipona, woga ukabaki. Mwanamke aliyekuwa akienda misa ya asubuhi kila siku ya Mungu akawa hawezi kufika langoni bila kushikwa, na wa kumshika nilikuwa mimi peke yangu, mtu ambaye kuamka kwake ni ugomvi. Nilikuwa nikitoka chumbani namkuta kwenye kiti karibu na mlango, kitambaa ameshafunga kichwani, rozari mkononi, na kengele imeshalia zamani. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Basi nikaamua kutengeneza njia. Niseme ukweli, nilimfikiria mama, na nililifikiria pia gari langu, ambalo yale mawe yalikuwa yamelikwaruza tumbo lote. Nilitaka njia pana, tambarare, kama zile ninazoziona kwenye nyumba za kando ya ziwa.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja wa mtaa wa Murara, muzee Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema kwa biashara, na ambaye kuta zake za mawe zinasifiwa hata na mafundi wenzake. Nilikuwa nimemwandalia maelezo marefu. Hakuyasikiliza. Alimwomba mama atembee hadi langoni, peke yake, yeye akimfuata hatua moja nyuma. Mama alifika kwenye ufa akasimama. Fundi akachukua chaki, akachora mstari pale aliposimama.

Hapo ndipo tulipokosana. Nilimwambia apange mawe ya kuchongwa, ajaze simenti katikati yake, na ule ufa auzibe kabisa kwa zege. Akatikisa kichwa.

"Papa, maji ya hapa inaingiaka mu mawe," alisema. "Ukifunga hapa, itatafuta mulango ya mama."

Mimi ni mtoto wa Goma. Najua kwamba mji wetu hauna haja kubwa ya mifereji kwa sababu lava inakunywa mvua, na kwamba kila parsele ina mahali pake pa kunywea. Nilijua, lakini kila nilipoutazama ule ufa nilimwona mama yuko chini, kitambaa kimemtoka kichwani.

"Muzee, mama alianguka hapa," nilimjibu. "Siko nataka kuona hata tundu moja."

Akasema sawa. Nikaona nimeshinda.

Kazi ilichukua majuma mawili. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilileta mchanga, zikiuacha langoni, na fundi alikaa kwenye gunia akichonga mawe kwa nyundo, akiligonga kila moja na kulisikiliza kabla ya kulikubali. Mama alihamishia kiti chake nje. Nilipotoka kazini nilikuwa nikiwakuta wanazungumza kama watu waliosoma darasa moja, chai katikati yao. Ijumaa fundi alipoondoka kwenda msikitini, mama ndiye aliyemkumbusha saa. Na mara mbili nilimkuta ameshika fimbo ya mama, anaidunga-dunga kati ya mawe kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Nilijisemea kwamba nimeajiri muzee anayecheza. Nililalamika hata ofisini.

Siku ya mwisho nilitembea juu ya ile njia na viatu vyangu vya kazi, nikaiona imara na sawa kuanzia mlangoni hadi langoni. Nilimwambia kazi imeisha. Akasema, "Bado, papa, tutaona," akabeba nyundo yake akaenda. Nilidhani anataka kuongezwa kitu.

Mama hakuanza kutembea peke yake. Alisema angoje kwanza. Sikumwelewa, na nilikasirika kidogo, maana njia niliitengeneza kwa ajili yake.

Kisha ikaja mvua, mchana, saa ya chakula. Mvua ya kwetu haibishi hodi. Maji ya barabara yaliingia chini ya lango, yakaikuta njia yangu nzuri isiyo na jiwe la kuyazuia, yakashuka kwa mbio kuelekea nyumbani. Chumba cha mama ndicho cha kwanza, na kizingiti chake kiko chini. Nilisimama na ufagio mkononi, mjinga kabisa, nikitambua kwamba nimemchimbia mama yangu mto hadi kitandani.

Maji yalifika katikati ya njia. Yakapungua. Yakawa uzi, uzi ukaingia ardhini, na mbele yake mawe yakabaki na matone ya mvua tu.

Nilitoka nikapiga magoti palepale mvuani. Juu ya ule ufa, kwa upana wa hatua mbili, hapakuwa na simenti. Mawe yalikuwa yamebanana makavu, changarawe nyeusi katikati yake, na nafasi zake nyembamba kuliko kidole. Kwanza nilikasirika. Nilidanganywa katika uwanja wangu mwenyewe.

"Alisema usiambiwe, utakasirika," mama alisema kutoka mlangoni. "Kila nafasi alipima na fimbo yangu. Haiingie."

Alijua tangu mwanzo. Alichokuwa akingojea ni mvua, aone kama maji yatachimbua mawe na kumrudishia shimo lake. Niliona aibu, na chini ya aibu hiyo nikahisi shukrani nyingi kiasi kwamba nilibaki nimepiga magoti.

Kesho yake nilipoamka kiti kilikuwa kitupu. Niliruka nje bila viatu. Lango lilikuwa wazi kidogo, na kutoka upande wa kanisa nikasikia kengele, safari hii ikiwa ndiyo kwanza inalia.

Nilikwenda Murara siku hiyohiyo. Njiani nilitunga maneno ya kuomba radhi, mazuri, yenye heshima zote. Nilimkuta fundi mbele ya nyumba yake anaosha nyundo. Hakunipa nafasi. Aliniuliza kama mvua ilifika kwetu, nikasema ilifika. Akauliza kuhusu mama.

"Asubuhi alienda misa," nilisema. "Peke yake."

Aliifuta nyundo kwa kitambaa, akaiweka chini.

"Basi, papa," alisema. "Sasa kazi imeisha."