Mwisho Niliomtungia Karani

Nauza vitabu vya mitumba mjini Kericho, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya fundi viatu na mama anayeshona sare za shule, na kwa miaka yote nimekuwa na tabia moja mbaya. Mteja akiniuliza kama nimesoma kitabu fulani, nasema ndiyo. Fundi jirani yangu huvaa viatu vizuri, mama wa sare huwashonea wanawe mwenyewe. Mimi nikionekana sijui bidhaa yangu naona haya.

Mteja aliyenishika alitoka Kiptere. Alikuwa mzee aliyestaafu ukarani wa kupima majani ya chai, mrefu, koti lake limepigwa pasi hata siku za mvua. Waliofanya kazi ya mizani hawaachi kupima. Akichukua kitabu, kwanza alikiweka kiganjani, akakipandisha na kukishusha, ndipo akasoma jina.

"Mzee, hapa hatuuzi kwa kilo," nilikuwa nikimwambia, naye alinijibu bila kucheka kwamba kitabu chepesi hakimalizi wiki.

Siku moja alichukua riwaya nene isiyo na jalada, hadithi ya ndugu wawili waliogombania shamba la baba yao. Uzito wake ulimridhisha. Baada ya wiki mbili alirudi nayo imefungwa kwa gazeti, akaketi kwenye benchi langu.

"Mama, hiki kitabu kimekatika. Kinafika mahali ndugu wamesimama mbele ya chifu, halafu hakuna kitu."

Nikakifungua. Kweli, kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka, hata uzi unaonekana. Nikamwomba radhi, nikamwambia achague kingine.

"Kingine cha nini? Mimi nataka huyu chifu aseme. Wewe umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Basi niambie."

Hapo ningeweza kukiri. Badala yake nilimweleza kwamba chifu aliamua wagawane sawasawa, mdogo akalia, mkubwa akamkumbatia, na mama yao akawapikia wote. Mzee alisikiliza amefumba macho, kama anayengoja mshale wa mizani utulie.

"Na yule ng'ombe?"

Sikujua kuna ng'ombe. "Alizaa," nikasema.

Akafumbua macho. "Alikuwa fahali."

Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati, nikajishughulisha kufunika vitabu kwa nailoni. Nilipogeuka, bado alikuwa ananingoja.

"Walimuuza," nikasema, "wakanunua jike. Huyo ndiye aliyezaa."

Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru, akaenda zake. Nikadhani nimepona.

Juma lililofuata alikuja amemshika mkewe mkono. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika mama huyo macho yote mawili, na kumbe hadithi ilikuwa yake: kila jioni, wakishakamua ng'ombe wao, mumewe alimsomea kurasa chache.

"Ni wewe uliyemzalisha fahali?" aliuliza, uso ameuelekeza kwa fundi viatu.

"Hapana, mama," fundi akajibu. "Mimi natengeneza soli tu."

Nikajitaja. Mama akanigeukia. "Huyu wangu alirudi na mwisho wenye sukari nyingi. Nikamwambia, hao ndugu tumewasikiza wiki mbili, hawawezi kukumbatiana ghafla hivyo. Huyo mama hajasoma."

"Sijasoma," nikasema, na nikashangaa jinsi neno lenyewe lilivyokuwa jepesi.

Mzee alikuwa akitazama barabara. Baadaye aliniambia alijua tangu pale kwenye fahali, ila hakutaka kuniaibisha mbele ya wateja. Siku ile sikuwa na mteja mwingine hata mmoja.

Niliahidi kuutafuta mwisho wa kweli. Nikapiga simu huku na huku hadi nikampata mwalimu mmoja wa Sotik aliyekuwa na nakala nzima. Hakutaka itoke mikononi mwake, basi Jumamosi nikaenda mwenyewe. Tulikwenda pamoja kwenye duka la kupiga kopi, akasimama kando ya mashine kama msimamizi wa mtihani mpaka kurasa zote zikatoka, kisha akakikumbatia kitabu chake na kurudi nyumbani. Hata chai hakunipa.

Kurasa hizo nilizipeleka Kiptere kwa mkono wangu. Walinikaribisha sebuleni, nikapewa kikombe cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, na mzee akasafisha miwani na kuanza kusoma. Chifu hakuamua lolote. Aliahirisha kesi, na ndugu wakarudi nyumbani, kila mmoja kwa njia yake.

Nilijiona nina makosa, kana kwamba ni mimi niliyeandika.

"Hapo sawa," mama akasema mwishowe. "Hao ndio wao." Akafikiri kidogo. "Lakini huyu mwandishi amemsahau fahali. Wewe angalau ulimkumbuka."

Sikumwambia kwamba ni mumewe aliyenikumbusha. Nilikunywa mursik yangu.

Mwaka huu mama alifanyiwa upasuaji wa macho. Jambo la kwanza alilofanya akiwa na miwani yake mipya ni kukisoma kile kitabu tena, peke yake, kuanzia ukurasa wa kwanza. Halafu akaja kibandani, mzee akimfuata hatua kadhaa nyuma.

"Unajua kuna barua za mapenzi humu?" akaniuliza. "Za yule mdogo kwa mchumba wake. Nyingi. Mimi sikusomewa hata moja."

Sote wawili tukamtazama mzee. Alikuwa ameokota kamusi, anaipima kiganjani kwa makini sana.

"Zilikuwa ndefu," akasema.

"Leo utazisoma," mkewe akamwambia. "Kwa sauti."

Aliirudisha kamusi, akachukua mfuko wa mkewe, wakashika njia ya kwenda kutafuta gari. Fundi viatu alicheka mpaka akaweka sindano chini. Mimi niliwatazama wakiondoka. Mzee alikuwa ameinama kumsikiliza, na masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya kama ya kijana.