Hali ya Ndoa ya Hawe Kadzo

Fomu yangu hairudi. Hilo nalisema kwa kinywa kipana, na anayebisha aje dukani kwangu Malindi, nyuma ya soko la zamani, tubishane ana kwa ana. Nina kompyuta tatu, printa moja yenye kiburi, na miaka kumi na miwili ya kuwajazia watu fomu za pasipoti, za mashamba, za viza na za kila balaa jingine ambalo serikali imelibuni. Watu hunijia na uongo wao tayari, umri umepunguzwa na kazi imepandishwa cheo, nami huwavua uongo huo mmoja mmoja kabla sijagusa kibodi. Aliyenitoa jasho kuliko wote ni Hawe Kadzo wa kijiji cha Ganda, na yeye hakuwa na uongo hata mmoja.

Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, na kila mtu humwita hivyo, hata wazee wenzake. Ana miaka sabini na miwili na kazi yake ni kusuka makuti. Ukiwahi kunywa soda chini ya paa la hoteli hapa kwetu, huenda ulikaa chini ya kazi ya mikono yake. Pita kwake asubuhi utamkuta kakaa mkekani, kanyoosha miguu, fito mapajani, vidole vinakimbia juu ya majani ya mnazi huku mdomo wake ukiwasema wapita njia. Huyo ndiye aliyeingia dukani kwangu mwezi wa tatu, mwaka juzi, simu kaishika mkononi.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, Vivian. Salamu nyingine baadaye. Nataka kwenda Italia. Mume wangu anaoa mke wa pili, na mke mwenzangu mwenyewe sijamtia machoni."

Mgeni angeanguka na kiti. Mimi nilicheka tu, maana nimezaliwa papa hapa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Mume wa Hawe aliitwa Kalume Ngumbao. Mtoto wao akawa Ngumbao Kalume. Ngumbao naye alipopata mtoto, mtoto akaitwa Kalume Ngumbao, na majina yakarudi pale yalipoanzia. Kwa utani wetu, mtoto kama huyo si mjukuu wa bibi yake. Ni mume wake mdogo. Bibi humwita mume, humdai kitoweo, humnunia akichelewa kumsalimu, na siku akioa, bibi huwa na mke mwenza.

Mzee Kalume alipokuwa hai, watu wa Ganda walikuwa wakimsikia akilalamika kwamba mume mdogo amepewa kipande kikubwa cha samaki na yeye mwenye nyumba kaachiwa mkia. Kisha mambo yakageuka. Ngumbao, aliyekuwa dereva wa lori, alifia barabarani Mariakani, na mkewe hakumaliza mwaka baada yake. Mtoto akabaki kwa babu na bibi. Mwaka wa 2009 mzee naye akaenda. Tangu siku hiyo, Hawe akisema "mume wangu," aliyeitika alikuwa mmoja tu. Alimsomesha kwa makuti, akamwona akiingia jikoni mwa hoteli kuosha sufuria, akamwona akiwa mpishi, akamsindikiza alipopata kazi Italia. Kwa miaka sita kijana alikuwa akimpigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, na swali la kwanza la Hawe lilikuwa lile lile: "Mume wangu, umekula?"

Sasa Kalume alikuwa anaoa, mwezi wa sita tarehe saba. Bibi harusi aliitwa Chiara, na sisi tukimtamka Kiara. Upande wake kulikuwa na ukoo mzima. Upande wa Kalume kulikuwa na Hawe peke yake. Asipokwenda, kijana angesimama kanisani bila mtu wake hata mmoja, kama aliyeokotwa.

"Hilo halitakuwa," Hawe aliniambia. "Haya, andika."

Tukaandika. Jina, tarehe ya kuzaliwa, siku za safari, kumi. Tulipofika penye hali ya ndoa ndipo vita vilipoanza.

"Hapa natia tiki kwenye mjane," nikasema.

"Mjane nani? Mume wangu kanipigia juzi."

"Hawe, hii ni karatasi ya ubalozi. Haina utani."

"Basi ni karatasi isiyo na adabu."

Nikatia tiki kwenye mjane nikimfichia kioo cha kompyuta kwa bega langu. Penye uhusiano na anayekualika nikaandika nyanya. Nikaambatisha mwaliko wa Kalume, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa na cheti cha kifo cha mzee. Faili lilikuwa nadhifu hata mimi mwenyewe nikalipenda. Kisha nikamkalisha Hawe nikamfunza kama wa chekechea: ukiulizwa unakwenda kwa nani, sema mjukuu.

"Nimwite mwanamume mzima mjukuu mbele za watu? Anioneje?"

"Hatakuwepo, Hawe!"

"Maneno husafiri," akajibu.

Nairobi nilikwenda naye. Nilijiambia ni kwa sababu miwani yake ina kioo kimoja kilichopasuka, lakini ukweli nilikuwa naogopa ulimi wake. Pale ubalozini kwanza walimtaka alama za vidole, na mashine ikakataa. Miaka ya makuti ilikuwa imevilamba vidole vikawa laini kama kijiko. Wakavifuta, wakavipaka maji, wakavikandamiza mara nne. "Mwambieni huyu," Hawe akawa anasema akiielekeza mashine kidevu, "mimi ni mtu." Mara ya tano ikakubali. Tukaitwa dirishani. Nikaruhusiwa kukaa naye nimshikie karatasi, ila nikaonywa nisijibu swali hata moja.

Nyuma ya kioo alikaa afisa, Mzungu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi hasa. Kando yake alikuwa mkalimani, mama mmoja aitwaye Nyakio, jina lake lilikuwa kifuani.

"Shikamoo, mama," akasema afisa.

"Marahaba, mwanangu! Kumbe wajua Kiswahili!"

"Nimekisoma hapa Nairobi kwa miaka mitatu. Basi tutazungumza bila mkalimani."

Nyakio akavuta kiti chake nyuma. Laiti angelijua afisa kwamba hapo ndipo alipomfukuza mtu aliyemhitaji.

"Mama, unakwenda kumtembelea nani?"

Hawe akanitazama. Nikamtolea macho. Akajiweka sawa kitini, akavuta leso begani.

"Mume wangu."

Kalamu ikasimama.

"Mume wako anaitwa nani?"

"Kalume Ngumbao."

Afisa akapekua faili langu zuri, akatoa cheti cha kifo akakilaza juu ya meza. "Kalume Ngumbao alifariki mwaka elfu mbili na tisa."

"Mungu amlaze pema," akasema Hawe.

"Nani amekualika, basi?"

"Kalume Ngumbao."

Nilitaka kusema. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka, afisa akaninyooshea kidole kwa upole nikaifunga tena.

"Na huyu Kalume anafanya nini tarehe saba?"

"Anaoa mke wa pili. Mimi nimeridhia, mwanangu. Sina wivu."

"Barua yake inasema wewe ni nyanya yake."

"Ndiyo! Mimi ni bibi yake."

Nikafumba macho. Kwetu pwani bibi ni mama aliyemzaa mama yako au baba yako. Nairobi, huko alikosomea afisa, bibi ni mke. Hawe alikuwa ametoa mkono kujiokoa, akashika maji.

Afisa akafunga faili polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwenye hasira unaweza kumtuliza.

"Mama, fomu inasema jambo moja, cheti jambo la pili, na wewe jambo la tatu. Siwezi kutoa viza kama sijui mtu anakwenda kwa nani. Na hata nikijua, ninalo swali moja. Una umri huu, na unayempenda yuko Ulaya. Ni nini kitakachokurudisha Ganda?"

Nilimwona Hawe akibadilika. Utani ulimtoka usoni, akainama karibu na kioo. Nadhani ni hapo tu alipoelewa kwamba safari yake ilikuwa inamponyoka.

"Nisikilize, mwanangu. Mimi nina waume wawili na wote ni Kalume Ngumbao. Mmoja nilifunga naye ndoa. Huyo yuko nyuma ya nyumba yangu, chini ya mkorosho, na cheti chake unacho. Wa pili nimemlea. Ni mtoto wa mtoto wangu, kapewa jina la babu yake, na kwetu bibi humtania mtoto kama huyo kwa kumwita mume. Alikuwa na miaka kumi na mitatu babu yake alipokufa, na nyumba ilinyamaza, mwanangu, ilinyamaza. Nikasema mume wangu, uko wapi? Akaitika yule mtoto. Ningeacha vipi kumwita?"

Afisa hakuandika kitu.

"Wa Italia nakwenda kumtembelea siku kumi, asioe kama yatima. Wa mkoroshoni ndiye wangu. Mimi humfagilia kila asubuhi. Nani atamfagilia nikikaa huko? Mwenda tezi na omo..."

"Marejeo ni ngamani," akamalizia afisa, na nikamwona akishtuka kwa kulijua.

"Umesoma, mwanangu. Lakini utani hukufundishwa."

Afisa akageuka nyuma. "Nyakio, ni kweli? Watu husema hivyo?"

Nyakio alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja tangu lile neno la mke wa pili. "Ni kweli, bwana. Hata kwetu, mimi nimepewa jina la nyanya yangu. Babu aliniita mke wake mpaka siku nilipoolewa."

Afisa akafungua faili upya. Safari hii alivipanga vyeti vyote mezani, Kalume, Ngumbao, Kalume, akawa anavifuata kwa kidole kama mtu anayesoma njia. Alipofika mwisho akacheka, kicheko cha chinichini, akajikaza. Akatuambia tutapata jibu kwa wakati wake.

Tulipofika barabarani Hawe akajifunga leso upya. "Kijana mzuri," akasema. "Ila kachelewa kuzaliwa pwani."

Pasipoti ilirudi wiki mbili baadaye, viza imebandikwa, siku kumi kamili. Hawe akapiga kigelegele dukani mwangu mpaka printa ikakwama. Alikwenda na koti la kuazima na leso sita. Siku ya harusi Kalume alituonyesha kanisa kwa simu, na pale mbele, upande wa bwana harusi, kwenye benchi refu tupu, alikuwa amekaa Hawe peke yake, leso begani, kidevu juu, kana kwamba Ganda nzima imejaa nyuma yake. Nililia, sitaficha.

Siku ya tisa alikuwa amesharudi. Kesho yake alfajiri majirani walisikia ufagio wake mkoroshoni. Mimi aliniletea pakiti ya tambi na habari za mke mwenza: mweupe, mcheshi, hajui kukuna nazi lakini anafundishika.

Mwaka huu mwezi wa pili akaja tena. Kiara amejifungua, mtoto wa kiume, na bila shaka ameitwa Ngumbao. Hawe alipolitamka jina hilo la mwanawe alikohoa, akaniambia nisiharibu wakati, niwashe kompyuta.

Nikawasha. Nilikuwa na furaha na nilikuwa tayari kwa ugomvi.

"Unakwenda kumtembelea nani, Hawe?"

"Mjukuu wangu na mtoto wake."

Nikadhani ananichezea. Nikamtazama. Alikuwa akiangalia vidole vyake.

"Umesema nani?"

"Mjukuu. Hukunifunza mwenyewe? Siku ile ya harusi nilimshika mkono, nikautia mkononi mwa Kiara. Nikamwambia, huyu hapa, nilikuwa nakushikia. Kitu ukishakikabidhi, mwanangu, huendi ukikidai." Akavuta leso begani. "Bado hunipigia kila Jumapili. Namwuliza kama mtoto amekula."

Nikarudi kwenye fomu. Tulikuwa tumefika penye hali ya ndoa. Nikangoja anibishie, nikaomba anibishie.

"Mjane," akasema Hawe Kadzo. "Mjane, Vivian. Weka."

Nikatia tiki. Fomu ile haikuwa na kosa hata moja, na katika miaka yangu yote sijapata kujaza iliyoniuma kama hiyo.