Si Ampe Blanketi!

Jumamosi nilivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta sabuni, maana kwetu Tunduma imeadimika. Nilitaka kufua blanketi la marehemu mke wangu. Nguo zake shemeji zangu walishagawana, kama ilivyo desturi. Lilibaki hilo, na Jumapili walikuwa wanakuja kulichukua.

Dukani palikuwa na televisheni, na wateja walikuwa wamesahau walichofuata. Mchezo wa kuigiza ulikuwa wa mji mdogo kusini mwa Marekani, kwa Kiingereza: mwanamke aliyezikwa amerudi, anamgongea mumewe mlango.

"Usifungue, we bwana!" dereva wa lori akapiga kelele.

Mama mmoja wa Mbozi, aliyejua nafundisha shule, akanigeukia. "Mwalimu, huyo marehemu anasemaje?"

"Anasema anasikia baridi."

Mama akashusha kapu lake chini. "Na mume anakimbilia bunduki? Si ampe blanketi!"

Watu wakacheka. "Mama, huyo ni mzimu!" dereva akasema.

"Kwani mzimu si mkewe?"

Watunzi wa michezo hiyo wanajua kutisha, ila sidhani wamewahi kuzika mtu Mbozi mwezi wa Julai, baridi inapouma. Mimi nimemzika mke wangu huko.

Shemeji walipofika niliwapa chai, na ile sabuni niliyonunua. Blanketi nimebaki nalo.