Siku Nne za Phimlada

"Kwa nini hukumkatalia Bibi?"

Nilimuuliza mama mdogo Oi swali hilo nikiwa na miaka tisa, tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya wilaya, asubuhi aliyorudishiwa jina lake la zamani. Alinitazama, kisha akatazama mkono wangu. "Aiskrimu inayeyuka," akasema. "Kula."

Wakati ule Oi alikuwa na miaka arobaini na sita, na kazi yake ilikuwa majina. Alikuwa na cherehani ya kutarizi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Udon Thani, hatua chache kutoka lango la shule. Kila mwezi wa tano, shule zikikaribia kufunguliwa, watoto wa mtaa mzima walimletea mashati meupe awatarizie majina kifuani kwa uzi wa buluu. Walimletea na mashati ya mwaka uliopita ya kufumuliwa, maana kwetu jina si kitu cha kukaa nacho mpaka kaburini. Huyu alikuwa haishi homa, mtawa akampa jina jipya. Yule alifeli hesabu, mama yake akampeleka kwa mpiga ramli, wakarudi na jina refu la kujaza mfuko wote wa shati. Oi alishika kiwembe, akafumua la zamani uzi kwa uzi, akatia jipya. Hakuwa na neno. Mwenyewe kila mtu alimwita Oi, yaani muwa, tangu yuko mgongoni. Kwenye karatasi aliitwa Thongbai, jina la kizamani lenye harufu ya shamba la mpunga, na aliyelitumia ni benki peke yake.

Alikuwa akiishi na Torleif, Mnorwe mrefu, fundi mstaafu wa injini za vivuko, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amejigonga kichwa kwenye kila mlango wa nyumba yetu na bado akajigonga tena. Kithai chake kilikuwa cha sokoni: alijua kununua, kusifu chakula na kuomba radhi.

Torleif alikuwa na mama, Bibi Gudveig, aliyekaa peke yake kwenye kisiwa kimoja huko kwao. Kila Jumapili alasiri, kwao ikiwa asubuhi, Torleif aliegemeza simu kwenye mtungi wa maji, yule bibi akatokea. Yeye na Oi hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Basi walionyeshana. Gudveig aliinua soksi aliyofikia kisigino, Oi akainua kola. Gudveig akasogeza uso kwenye kioo kukagua mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa nzima ilikwenda hivyo, na Torleif katikati hana cha kutafsiri.

Tarehe kumi na tisa Juni Gudveig angetimiza miaka tisini. Kupanda ndege daktari alishamkataza. Alimwambia mwanawe, "Usije bila yule fundi wako wa nyuzi. Wewe nakujua tayari."

Hapo ndipo habari ya viza ilipoanza.

Oi hakuogopa fomu. Aliogopa kitu kimoja. Jirani yetu muuza supu alikuwa ameomba viza kama hiyo kumfuata mchumba wake kwa wiki tatu, akanyimwa, na barua ikasema hawakuamini kwamba angerudi. Yule mama aliisoma barua ile mbele ya sufuria yake mpaka supu ikakauka. "Miaka ishirini nafungua banda hili saa kumi na moja alfajiri," alimwambia Oi, "na mtu asiyenijua ananiita mtoro." Oi aliyaweka maneno hayo kifuani.

Torleif, kwa upande wake, alinunua faili lenye vigawio vya rangi. Tiketi zilizoshikiliwa bila kulipwa zilikaa kwenye njano. Bima ilikaa kwenye kijani. Barua ya mwaliko ya Gudveig, kitabu cha nyumba chenye majina ya wakazi wake, hati ya biashara na taarifa ya benki, kila kimoja na rangi yake. Pinki ilikuwa ya picha za kuthibitisha kwamba wao ni wapenzi kweli.

"Mbona mama yako yuko kwenye picha zote?" Torleif aliuliza.

"Kwa sababu yupo kila mahali," Oi akajibu.

Bibi, mama mzazi wa Oi, alikuwa kwenye mkeka akibonyeza tonge la wali wa kunata. "Wakiniona na mimi watajua ana kwao," akasema. "Nyie wawili peke yenu mnaonekana kama watalii."

Miadi ya kupeleka maombi Bangkok ilikuwa Jumatano. Alhamisi ya wiki iliyotangulia, Bibi alirudi hekaluni akiwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne. Alikuwa amemweleza mtawa mkuu habari zote za safari, na mtawa akapiga hesabu kwa siku ya kuzaliwa ya Oi. Jina Thongbai, alisema, lina uzito unaomvuta mtu wa Jumatano nyuma kila anapotaka kutoka. Ndani ya kikaratasi kulikuwa na jina lingine: Phimlada.

"Torleif asijue kwanza," Bibi akanong'ona. "Bahati ikitangazwa inachuja."

Oi alifunga cherehani, akavaa blauzi nzuri. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ametoka ofisi ya wilaya na hati ya kubadili jina na kitambulisho kipya chenye picha mpya.

Jumamosi Torleif alikagua faili lake mara ya mwisho, akaomba kitambulisho ili atoe nakala. Oi alimpa, akajishughulisha na uzi.

Torleif alisoma zile herufi za kwao zilizo chini ya za kwetu. Akavaa miwani, akasoma tena. "Huyu Phimlada ni nani?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

Hakupandisha sauti. Angefoka, Oi angalau angepata mahali pa kujibia. Alivuta kiti, akaweka lile faili magotini, akaanza kufungua rangi moja moja. Pasipoti, Thongbai. Bima, Thongbai. Tiketi, benki, hati ya biashara. Akafika kwenye barua ya mama yake, iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka: *namwalika Thongbai nyumbani kwangu*.

"Pasipoti na kitambulisho havisemi mtu mmoja," akasema. "Pasipoti mpya itachukua siku. Jumatano tutaikosa. Nimetazama miadi mingine, ya karibu kabisa ni tarehe ishirini na tatu Juni."

Oi alihesabu. Siku nne baada ya keki ya Gudveig.

"Mtawa alisema lile la zamani linavuta nyuma," Bibi akasema kutoka kwenye mkeka, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mama, sasa ni hili jipya ndilo linalonivuta."

"Usinisemeshe hivyo. Nilikuwa nakufungulia njia."

"Najua ulikuwa unanifungulia njia. Umeifungua, gari ndilo halimo."

Siku hiyo walikula kachumbari ya papai bichi, na haikuwa na pilipili ya kutosha, ishara kwamba aliyepika hakuwa sawa. Oi alikuwa na dawa ya jambo lile, na aliijua tangu Torleif alipomaliza kusoma. Ofisi ya wilaya inaweza kulirudisha jina kwa saa moja, pasipoti ya zamani ikawa halali tena. Lakini kulirudisha ni kumwambia mama yake mbele ya watu kwamba baraka aliyoitafutia njia mpaka hekaluni haikufaa. Mwanamke wa miaka sabini na tatu angepita vipi tena mbele ya yule mtawa? Oi akarudi kwenye cherehani.

Jumapili simu iliegemezwa kwenye mtungi kama kawaida. Torleif hakumwambia mama yake kitu, hakuwa na moyo. Gudveig siku hiyo hakuwa na soksi. Aliichukua simu yake, akatembea nayo polepole, picha ikiyumba, hadi kwenye chumba kidogo chenye kitanda kilichotandikwa. Juu ya mto kulikuwa na jozi mbili za soksi, kubwa na ndogo. Ukutani kulikuwa na kalenda, na siku zilizopita zimekatwa kwa kalamu. Aligonga tarehe kumi na tisa kwa kidole, mara mbili.

Oi aliunganisha viganja, akainamisha kichwa, kisha akatoka kwenda kutazama kuku ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Aliporudi alimkuta Bibi amekaa mbele ya simu mahali pake. Wale wazee wawili walikuwa wakitazamana tu. Bibi akainua kidole, akagonga hewani mara mbili, kama alivyofanya mwenzake. Gudveig akacheka.

Simu ilipozimwa Bibi alijifuta mdomo kwa ncha ya kitambaa. "Kesho wilayani wanafungua saa ngapi?"

"Mama, si lazima."

"Thongbai nililitoa mimi. Mtawa hakuwepo siku hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa nimechoka, na ndilo lililonijia. Nikilitaka nalirudisha."

Karani wa wilaya alikuwa yuleyule wa Alhamisi, baba wa watoto watatu ambao mashati yao yote yalipita mikononi mwa Oi. "Dada Phimlada," akasema, "umepoteza kitambulisho?"

"Nimekuja kulirudisha."

"Jina? Limekubana?"

"Mwandikie mwanangu jina lake," Bibi akasema, "na usiwe mcheshi. Mashati ya wanao bado yako kwetu."

Karani akaandika. Oi akawa Thongbai kabla chai ya Bibi haijapoa.

Torleif alitaka zile hati mbili za kubadili jina zibaki nyumbani. Pasipoti na kitambulisho sasa vilikubaliana, nani angejua? Mtu aliyebadili jina mara mbili kwa wiki moja, alisema, anaonekana kama anakimbia polisi. Lakini fomu ilikuwa na mahali pa kuandika majina mengine uliyowahi kutumia, na Oi alikataa kupaacha wazi.

"Nimeitwa Phimlada siku nne. Sasa niseme sikuitwa?"

"Watakunyima."

"Wakininyima na mimi nimesema kweli, nitapika supu mpaka ikauke. Wakinipa kwa uongo, kila nitakapomtazama mama yako nitaona ile sehemu niliyoiacha wazi."

Akaandika barua ya mistari sita, Torleif akaitafsiri akiguna, wakaitia kwenye kigawio cha mwisho. Kilikuwa cheupe.

Jumatano, Bangkok, binti wa dirishani aliipindua kila karatasi mpaka alipofika kwenye nyeupe. Akasoma. Akamtazama Oi.

"Siku nne, mama?"

"Siku nne."

"Ni mama yako?"

"Ni mama yangu."

"Wangu alinibadilisha jina siku tatu kabla ya mtihani wa chuo," yule binti akasema akigonga muhuri. "Nikafanya mtihani kwa jina la zamani na kuomba hekaluni kwa jipya. Weka vidole hapa."

Mashine ikakataa vidole. Miaka ya sindano ilikuwa imevijaza vitobo na sugu, michirizi haisomeki. Walifuta, wakajaribu, wakapaka mafuta kidogo, wakajaribu. Mara ya tano taa ikawa kijani, na Oi akatoka jasho kama aliyevuna ekari.

Simu ya ubalozi ilikuja wiki ya kufunguliwa shule, chumba cha mbele kimejaa watoto wanaosukumana. Oi alijibu huku mguu uko kwenye cherehani. Mwanamume wa upande wa pili alisema Kithai kizuri, cha mtu aliyekisomea.

"Ninaona ulibadili jina, kisha ukalirudisha. Naomba uniambie sababu."

"Mama yangu alitaka nipate viza."

Kikasikika kikohozi kilichochukua muda mrefu kuliko kikohozi cha kawaida.

"Na utarudi lini?"

"Tarehe mbili Julai. Tarehe nne nina kazi."

"Kazi gani?"

"Shule ya wasichana ya hapa mjini inabadili rangi ya uzi, kutoka buluu kwenda nyekundu. Mashati mia nne na kumi. We mtoto, ondoa kidole hapo, sindano haina macho. Samahani, bwana, si wewe."

"Mia nne na kumi," yule mtu akarudia, kama anayeandika.

"Nisiporudi watavaa buluu, na mwalimu mkuu atakuja kuniuliza mimi, si wewe."

Pasipoti ilirudi kwa posta siku tisa baadaye. Bibi ndiye aliyeifungua, kwa kisu cha samaki, akapitisha kidole juu ya ile stika, juu ya jina, asiyejua kusoma zile herufi, akauliza, "Ni lipi?"

"Ni lako," Oi akamwambia.

Tarehe kumi na tisa Juni Torleif alitutumia picha. Oi amevaa soksi ndani ya nyumba, Gudveig ameshika kitambaa cha meza alichotariziwa, amekigeuza upande wa nyuma kukagua mafundo.

Oi alirudi tarehe mbili, na tarehe nne alikuwa kwenye cherehani. Ameshakwenda mara mbili zaidi tangu hapo. Kwa miaka yote, kila mgeni anaposimuliwa kisa hiki, lawama ni ya Bibi, na Bibi huibeba kwa majivuno. Mwezi uliopita nilikaa na Oi nikimkatia nyuzi, nami sasa nina miaka kumi na sita. Nikamuuliza tena kwa nini siku ile hakumkatalia.

Alisimamisha mguu. Alichungulia uani kwanza, kuona kama Bibi yuko mbali.

"Bibi yako hakunilazimisha," akasema. "Aliniuliza mara moja tu kama ninalitaka. Nilikuwa nimeshachagua blauzi ya picha. Miaka yote ile nilikuwa nawatarizia watoto wa watu majina mazuri, mwanangu. Nami nilitaka moja."